Kompyuta Iko Mbali, Picha Iko Mkononi

Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, mhandisi Douglas Engelbart aliketi mbele ya hadhara ya wataalamu wapatao elfu moja, akaandika orodha ya mahitaji ya nyumbani, akaipanga na kuipangua, akaigeuza kuwa ramani ya safari, na yote hayo yakadhihirika papo hapo juu ya pazia kubwa la ukumbi, ilhali kompyuta iliyoyatenda haikuwamo ukumbini wala katika mji ule, bali ilikuwa Menlo Park, masafa ya kilomita 48 hivi. Kule maabarani kamera za televisheni zilikuwa zimeelekezwa kwenye vioo vya kompyuta, na picha zake zikarushwa kwa mawimbi ya maikrowevu mpaka ukumbini. Na kila alipokisogeza kipanya au kubonyeza kitufe, habari ya mkono wake ilirudi Menlo Park kwa njia ya pili, nyembamba mno, yenye kasi ya biti 1,200 hivi kwa sekunde. Watu aghalabu humtaja Engelbart kwa sababu ya kile kipanya, na wana haki. Lakini lililo adhimu zaidi, kwa maoni yangu, ni ule mpango wa njia mbili zisizolingana, njia pana ya picha na njia finyu ya mkono, kwani ndio unaomwezesha leo msanifu majengo au mwanafunzi wa jiolojia kukishika kishikwambi chepesi na kuona ndani yake kazi ya kompyuta nzito asiyoweza kuibeba.

Suala la kwanza ambalo mafundi walilazimika kulijibu ni hili: ipelekwe picha iliyokwisha kuchorwa, au zipelekwe amri za kuchora, picha ikamalizikie mbele ya mtazamaji? Katika chuo cha MIT huko Marekani, Robert Scheifler na Jim Gettys walichagua amri. Mfumo wao uitwao X, ulioanza mwaka 1984 na kufikia mwaka 1987 toleo la 11 ambalo lingali likitumika, huiambia mashine iliyo mbele ya mtu ipige mstari kutoka hapa hadi pale, ipake mraba huu rangi ya samawati, iandike herufi hizi. Na maagizo hayo machache huwa mepesi mtandaoni. Ndiyo tofauti ya kumpelekea mtu vipimo vya mlango na kumpelekea mlango wenyewe: vipimo huingia katika bahasha, ila huko viendako sharti pawe na mbao, patasi na seremala.

Na hapo ndipo penye udhia. Umbo lenye pande tatu, kama vile matabaka ya miamba chini ya ardhi au jengo zima pamoja na mabomba yake, huundwa kwa pembetatu ndogo zinazoweza kufika mamilioni, kila moja ikiwa na rangi na kivuli chake, hata maagizo ya kulichora yakawa mazito kuliko picha itokanayo nayo. Fauka ya hayo, kishikwambi kinachoyapokea kingehitaji kumbukumbu na kadi ya michoro zinazokaribia zile za kompyuta iliyo mbali, na lau kingekuwa nazo, pasingekuwa na haja ya kuitazama kompyuta nyingine. Tena mfumo wa X hupenda mazungumzo: huuliza, hungoja jibu, huuliza tena, na katika masafa marefu kila swali hulipiwa kwa muda wa safari.

Njia ya pili ilitoka Cambridge, Uingereza, katika maabara iliyokuwa ya Olivetti na Oracle kabla ya kuwa ya AT&T, ambayo mwaka 1998 iliitoa bure kwa watu wote programu iitwayo VNC. Kanuni yake ni sahili kabisa. Kompyuta ya mbali huchora kila kitu ndani ya kumbukumbu yake, kisha huangalia ni vipande gani vya kioo vimebadilika tangu ilipoulizwa mara ya mwisho, ikavipeleka hivyo tu. Chombo kinachotazama hakijui kama kinaonyesha barua au ramani ya mji, na kwa sababu hiyo hata chombo dhaifu huweza kuwa mtazamaji. Aidha, kwa kuwa kazi yote inabaki huko iliko mashine, mtandao ukikatika au betri ikiisha hakipotei kitu: ukiunganika tena unaikuta kazi palepale ulipoiachia. Kwa nchi ambazo umeme hukatika bila taarifa, mradi mashine yenyewe inalindwa kwa betri au jenereta, sifa hii peke yake yatosha kuipendekeza.

Kupeleka vipande vilivyobadilika hufaa sana kwa barua na majedwali; lakini ukilizungusha umbo la jengo, kioo karibu kizima hubadilika kwa lahadha moja, na hesabu inakuwa kali. Kioo chenye nukta 1,920 kwa 1,080 kina nukta 2,073,600, na kila nukta huhitaji biti 24 kuieleza rangi yake, hivyo picha 30 kwa sekunde hufanya takriban biti bilioni moja na nusu kila sekunde. Basi mafundi wakarejea kwenye televisheni, ila safari hii televisheni iliyobanwa kwa kanuni kama ile ya H.264, iliyoidhinishwa mwaka 2003. Kanuni hii huigawa picha katika miraba ya nukta 16 kwa 16, hutafuta kila mraba umetoka wapi katika picha iliyotangulia, na badala ya kuupeleka upya hutaja kiasi ulichosogea pamoja na tofauti ndogo iliyosalia. Kwa hila hiyo na nyinginezo, bilioni moja na nusu hushuka mpaka milioni kumi au chini yake.

Hila moja kati ya hizo yataka tahadhari. Jicho la binadamu hupambanua mwanga na giza kwa ukali kuliko linavyopambanua rangi. Kwa hiyo video za kawaida huuhifadhi mwanga wa kila nukta, lakini rangi huhifadhiwa moja kwa nukta nne. Katika filamu ni nadra mtu kutambua. Katika mchoro wa mhandisi, mstari mwembamba mwekundu juu ya buluu hufifia, na tarakimu ndogo za rangi hutapakaa. Asomaye vipimo kwa kishikwambi na achague rangi kamili, programu yake ikimruhusu, hata kama mwendo wa picha utapungua, kwa maana kipimo kilichosomwa vibaya ni hasara kubwa kuliko picha inayosita.

Yote hayo ni wingi wa habari, na wingi hununuliwa. Ukawio haununuliki. Nuru ndani ya uzi wa kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, thuluthi mbili ya mwendo wake angani, na hapana fedha iwezayo kuiharakisha humo. Kabla ya mwaka 2009, ilipofika mikongo ya chini ya bahari Mombasa na Dar es Salaam, mawasiliano mengi ya Afrika Mashariki na ng'ambo yalipitia satelaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta: mguso wa kidole ulipanda na kushuka, kisha picha nayo ikapanda na kushuka, jumla kilomita zaidi ya 143,000, yaani karibu nusu ya sekunde kabla kompyuta yoyote haijaanza kazi yake. Mikongo iliiondoa sehemu kubwa ya adha hiyo, lakini haikuufuta umbali. Kutoka Nairobi hadi London ni takriban kilomita 6,800, na lau mkongo ungenyooka kabisa, jambo lisilowezekana, kwenda na kurudi kungechukua milisekunde 68. Ongeza muda wa kuibana picha, wa kuifungua, na wa kungoja zamu ya kioo kuionyesha, nawe umeukaribia au kuuvuka mpaka wa sehemu ya kumi ya sekunde, ambapo mkono huanza kuhisi kwamba kitu unachokigusa hakiutii. Kutazama na kutoa uamuzi bado kunawezekana. Kuchora kwa kalamu ni taabu tupu.

Kidole nacho kina masharti yake. Kishikwambi cha iPad cha mwaka 2012 kilikuwa na nukta 264 katika kila inchi, hivyo ncha ya kidole yenye upana wa sentimita moja hufunika nukta zaidi ya 100, ilhali vitufe vya programu za mezani vilipimwa kwa ajili ya kipanya. Ndiyo maana ni heri kukitumia kioo kama uwanja wa kusukumia kishale kuliko kugusa kitufe chenyewe. Na mtu akitaka kuona undani wa mchoro, asiridhike kuitanua picha kwa vidole viwili, kwa sababu aghalabu hilo hukuza tu nukta zilizokwisha kufika. Aiamuru programu ya huko mbali isogeze mchoro karibu, ndipo nukta mpya zitakapochorwa.

Kuhusu usalama, VNC ya awali ilikubali neno la siri la herufi nane tu na ilipitisha picha bila kuzificha. Kwa hiyo poti namba 5900, mlango wa mtandaoni ambao VNC huutumia kwa kawaida, isiachwe wazi kwa ulimwengu, bali mawasiliano yapitishwe ndani ya njia iliyofichwa, kama vile SSH au VPN.

Rai yangu kwa vyuo, hospitali na idara za upimaji ardhi za ukanda wetu yatokana na hesabu ile ya nuru. Kabla ya kukodi mashine iliyo Ulaya, nunueni kompyuta moja yenye kadi kubwa ya michoro, iwekwe katika jengo lenu wenyewe, iwahudumie kwa zamu watu wenye vishikwambi vya bei nafuu kwa mtandao wa ndani, ambamo safari ya kwenda na kurudi ni milisekunde chache tu.