Kiota njiani: namna ya kugawana ukingo wa ziwa na ndege

Katika Kumbukumbu la Torati 22:6-7, Musa anaacha kidogo mambo makubwa ya taifa na kusema juu ya jambo dogo sana: mtu akikuta kiota cha ndege njiani, kiwe mtini au chini kwenye ardhi, afanye nini. Anaweza kuchukua makinda, lakini mama yao amwache aende. Wengi wetu tumesoma mistari hiyo haraka, tukidhani ni mambo ya watu wa zamani. Lakini sisi wa Likasi inatuhusu. Jirani na mji wetu kuna ziwa, na ukingoni mwake wako ndege wasiojenga mtini. Wanataga chini, mahali ambapo gari linaweza kupita.

Ziwa letu

Ziwa Tshangalele, ambalo wengine wanaliita ziwa la Lufira, lilitokea mwaka 1930, wakati bwawa la Mwadingusha lilipozuia mto Lufira ili kupata umeme wa migodi na viwanda vya Katanga. Maji yalitanda juu ya tambarare, kwa hiyo ziwa ni pana lakini kina chake ni kifupi. Maji yakishuka kidogo tu wakati wa kiangazi, sehemu kubwa ya matope makavu na mchanga inabaki wazi. Watu wa Kapolowe na vijiji vya kandokando wanaishi kwa uvuvi wa ziwa hilo, na samaki wake wanauzwa mpaka Likasi na Lubumbashi.

Ndege pia wanaishi kwa ziwa hilo. Mwaka 1960 mtaalamu Mbelgiji Jean-Claude Ruwet alikuta hapo ndege wa jamii ya mnana, wale wanaosuka viota. Mwaka 1982 wataalamu walimtambua kuwa aina ya pekee, wakampa jina la Ruwet. Mwaka huohuo UNESCO iliandika Lufira kati ya hifadhi za biosfera. Kongo nzima inazo tatu tu: Yangambi, Luki na Lufira. Mnana huyo husuka kiota chake vichakani, juu ya maji. Shida tunayoieleza hapa ni ya wale wa chini.

Ndege wanaotaga chini

Mmoja wao ni ndege mwenye rangi tatu, nyeusi, nyeupe na kijivu, mwenye miguu mirefu. Waingereza wamempa jina la mhunzi, kwa sababu sauti yake ni kama nyundo ndogo inayogonga chuma. Kwa mji wa viwanda kama wetu, jina hilo linafaa. Mwingine ni kitwitwi, ndege mdogo anayekimbia mbio ukingoni mwa maji, kisha anasimama ghafula.

Ndege hawa hawasuki kitu. Wanakwaruza shimo dogo na kutaga mayai machache yenye rangi ya udongo na madoa. Ukiwa umesimama hatua mbili tu kutoka hapo, unaweza usiyaone. Aina moja ya kitwitwi, akiona mtu anakuja, huyafunika mayai yake kwa mchanga kwa kutumia miguu, kisha anaondoka. Ujanja huo unayaficha mbele ya kunguru na mbwa. Mbele ya gurudumu haumsaidii kitu.

Hatari haiishi mayai yanapoanguliwa. Kinda huanza kutembea mapema sana na kujitafutia chakula, lakini hawezi kuruka kwa muda wa mwezi mmoja au zaidi. Akisikia hatari hakimbii. Analala chini, anatulia kimya. Gari likiwa limepita na kuacha mtaro mchangani, kinda huingia humo na kujificha. Gari la pili likifuata njia ileile, linamkuta ndani. Dereva hasikii chochote na haoni chochote. Hakuwa na nia mbaya, lakini kazi ya mama ya miezi miwili imekwisha.

Tena gari halihitaji kukanyaga ili kuharibu. Likisimama karibu na kiota saa nzima, huku muziki unapigwa na watoto wanacheza, mama hawezi kurudi. Jua la kiangazi linayaua mayai yasiyo na kivuli.

Kwa nini tunagongana?

Tunagongana kwa sababu ndege na sisi tunataka mahali palepale kwa wakati uleule. Ndege wengi wa ukingoni wanangoja maji yapungue ili wapate ardhi kavu ya kutagia. Sisi nasi tunangoja kiangazi ili njia zikauke, na mwezi wa 7 na wa 8 watoto wako katika likizo kubwa. Wakati wa masika gari lingekwama kwenye matope, na pale penye kiota pangekuwa chini ya maji.

Wengine walifanya nini?

Huko Marekani, katika pwani ya Cape Hatteras, jimbo la North Carolina, watu wamezoea tangu zamani kuendesha magari mchangani kwenda kuvua na kupumzika. Pwani hiyo ni pia makao ya kitwitwi mmoja ambaye sheria ya Marekani inamlinda tangu 1986. Mwaka 2007 vyama vya kulinda wanyama vilipeleka idara ya hifadhi mahakamani, kwa kuwa ilikuwa haijaweka kanuni za magari. Mwaka 2012 kanuni zikatoka: dereva apate kibali, sehemu nyingine zifungwe kabisa kwa magari, nyingine zifunguliwe mwaka mzima, nyingine kwa majira tu. Wenyeji wenye maduka na nyumba za wageni walilalamika kwamba kazi zao zinakufa. Mwishoni mwa 2014 bunge likaamuru kanuni ziangaliwe upya, na baadaye eneo linalofungwa kuzunguka kiota likapunguzwa.

Afrika Kusini walifuata njia kali zaidi. Mwisho wa mwaka 2001 serikali ilipiga marufuku magari ya starehe kwenye pwani zake zote, ikaacha ruhusa kwa mambo maalumu, kama kushusha mashua majini.

Tukilinganisha nchi hizo mbili, tunaona jambo moja. Mayai na makinda hawahitaji pwani yote wala mwaka wote. Wanahitaji kipande chao, miezi yao. Kazi ngumu ni kukubaliana ni kipande gani, ni miezi gani, na ni nani atakayebeba mzigo.

Mzigo uwe wa nani?

Hapo ndipo haki inapoingia. Mvuvi anayepitisha baiskeli yenye samaki ukingoni anatafuta chakula na karo ya watoto. Mtu anayetoka mjini na gari lenye nguvu ili kulichezesha mchangani anatafuta raha. Raha si dhambi, lakini wawili hao hawako sawa. Kanuni inayomfungia mvuvi njia na kumwachia mwenye gari ni kanuni mbovu, hata kama inasifiwa kwa jina la ndege. Mwenye kutafuta raha ndiye wa kwanza kuzunguka.

Mpango wa hifadhi ya biosfera unakubali jambo hilo. Una kiini kinacholindwa sana, ukanda wa kukizunguka, kisha eneo ambalo watu wanaishi na kufanya kazi. Nchi yetu inayo pia sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya kulinda viumbe vya asili. Lakini hakuna mlinzi wa serikali anayeweza kusimama kwenye kila kiota. Jirani ndiye mlinzi wa kwanza.

Tunaweza kuanza wapi?

Vijana au wamama wa parokia wakipanga kwenda ziwani, wawaulize kwanza wavuvi ni wapi ndege wanataga, wao wanajua. Magari na pikipiki zibaki kwenye njia iliyokwisha kukanyagwa, na watu wateremke kwa miguu. Mbwa wafungwe. Ndege akipiga kelele juu ya kichwa chako, au akikokota bawa kama aliyevunjika, anakuambia kwamba uko karibu na watoto wake: geuka, urudi kwa nyayo zako. Kijiji kikikubali kuzungushia kamba na vijiti sehemu yenye viota, tuiheshimu. Na makinda wakisharuka, kamba iondolewe upesi, kama ilivyoahidiwa. Watu wakiona ahadi imetimizwa, mwaka ujao watakubali tena.

Amri ya Musa haikumkataza mtu kupita njia hiyo, wala haikumkataza kula. Ilimwekea mpaka mmoja, kwamba mama aachwe, ili mwakani pawe na kiota kingine. Na kwa amri hiyo ndogo Mungu aliahidi heri na siku nyingi.