Bajeti ya Lamu: Hesabu ya vichwa pekee haitoshi visiwani

KILA ifikapo mwisho wa Aprili, makadirio ya bajeti huwa yamefikishwa mbele ya Bunge la Kaunti ya Lamu, na kufikia Juni 30 madiwani hutakiwa wawe wameamua ni wadi ipi itapata kisima, zahanati au gati. Tarehe hizo zimewekwa na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka uo huo nayo inakataza fedha za umma kutumiwa nje ya mipango iliyoidhinishwa.

Utaratibu wote huo unategemea jambo moja: kwamba wanaopanga wanazo takwimu, na kwamba takwimu zenyewe zinaeleza hali ilivyo. Katika kaunti ya visiwa, jambo hilo halifai kuchukuliwa hivi hivi.

Tuanze na sensa. Mwaka 2019 Lamu ilihesabiwa watu 143,920, idadi ndogo kuliko ya kaunti nyingine yoyote kati ya zote 47 nchini. Kati yao, 121,662 walikuwa Lamu Magharibi, ambako kuna mji wa Lamu, Hindi, Mpeketoni na Witu. Lamu Mashariki, yaani Pate, Ndau, Kiwayu, ukanda wa Kiunga na vijiji vya msitu wa Boni, ilikuwa na watu 22,258 tu. Kaunti nzima ina wadi 10, saba zikiwa magharibi na tatu mashariki: Faza, Kiunga na Basuba.

Sasa chukua shilingi 100 za maendeleo. Ukizigawa kwa idadi ya watu, Lamu Mashariki itapata shilingi 15 na senti kidogo. Ukizigawa sawa kwa kila wadi, itapata shilingi 30. Takwimu hazikubadilika hata moja, lakini fungu limeongezeka karibu maradufu. Anayechagua kipimo ndiye anayegawa fedha, hata kabla ya kura kupigwa.

Lamu yenyewe inalijua somo hili kutoka Nairobi. Mwaka 2020 Seneti ilivutana kwa miezi kadhaa kuhusu kanuni ya tatu ya ugavi wa mapato, wapo waliotaka shilingi ifuate mtu. Kanuni iliyopitishwa Septemba mwaka huo, na kutumika hadi mwaka wa fedha wa 2024/2025, iliipa idadi ya watu uzito wa asilimia 18 pekee. Asilimia 20 iligawanywa sawa kwa kaunti zote, na nyingine zikafuata afya, umaskini, kilimo, barabara, ukubwa wa eneo na miji. Katika mwaka wa 2021/2022 kaunti ziligawana Sh370 bilioni na Lamu ikapata takriban Sh3.1 bilioni. Kwa kuhesabu vichwa tu, ingepata Sh1.1 bilioni. Ni vigumu basi kwa kaunti iliyookolewa na vipimo vingine huko Nairobi kurudi nyumbani na kumwambia mkazi wa Kiwayu kwamba wao ni wachache.

Lakini vipimo hivyo vingine navyo vina kasoro. Kanuni ya 2020 ilitenga asilimia 8 kwa barabara. Bahari haikuwa na fungu lake. Mama mjamzito wa Ndau anayepelekwa Hospitali ya King Fahd mjini Lamu hapiti barabara yoyote ya kuhesabiwa. Anahitaji boti, nahodha, mafuta na bahari iliyotulia. Hakuna kinachoizuia kaunti kupima hayo katika mipango yake: saa za safari kutoka kila kijiji, nauli, na siku ambazo safari haiwezekani.

Siku hizo si chache. Kusi huvuma takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, na mwaka wa fedha huanza Julai 1, kusi likiwa limeshika. Zahanati ya kisiwani ikiandikisha wagonjwa wachache Juni kuliko Januari, huenda afya imeimarika, au huenda watu walishindwa kuvuka. Daftari litaonyesha nambari ile ile. Ni heri kulinganisha Juni na Juni za miaka iliyopita, na kuwauliza wahudumu kilichotokea.

Basuba ni mfano mzito zaidi. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, na operesheni ya usalama katika msitu wa Boni iliyoanza mwaka uliofuata, shule na vituo vya afya vya huko vilifungwa kwa vipindi tofauti. Kituo kilichofungwa hakiandikishi mgonjwa. Afisa aliye mbali akisoma sifuri hiyo kama ukosefu wa mahitaji, atanyima dawa mahali panapozihitaji kuliko kwingine.

Upande wa maji, hazina ya takwimu ipo tayari. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame hutoa taarifa ya kila mwezi kuhusu Lamu, ikieleza mvua, hali ya malisho, umbali wa kufuata maji na bei za vyakula na mifugo. Wakazi wengi wa Pate, Ndau na Kiwayu hutegemea majabia yanayokinga maji ya mvua. Ripoti inayosema majabia mangapi yamejengwa haimfai diwani sana, kwa kuwa mvua ikikosa jabia jipya hukauka kama la zamani. Swali lenye faida ni maji yalidumu miezi mingapi, na kijiji kilinunua maji kwa bei gani baada ya hapo.

Majibu hayo wanayo wanakijiji wenyewe, na vikundi vya usimamizi wa fuo huandika mavuno ya samaki. Katiba, katika kifungu cha 201, inataka wananchi washirikishwe katika masuala ya fedha. Tatizo ni wakati. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kufikia Septemba 1, na waraka wa mkakati wa kifedha, unaoweka kikomo cha matumizi ya kila idara, kufikia Februari 28. Kijiji kitakachopeleka hesabu zake za maji Aprili kitakuta vikomo hivyo vimekwisha kuwekwa.