Zana Mpya za Uingereza na Gharama ya Kuahirisha

Watu wa visiwani hawana bara la kurudi nyuma. Shari ikija, huja kwa bahari au kwa anga, na aliye kisiwani hana budi kusimama pale pale alipo. Kwa sababu hiyo habari za ulinzi, hata zikiwa za nchi ya mbali, hazipaswi kupita masikioni mwetu kama upepo. Leo tumeona vyema tuzungumze juu ya Uingereza, ambayo nayo ni nchi ya kisiwa, na juu ya kazi kubwa inayoikabili ya kuyafanya upya magari yake ya vita, mizinga yake na mitambo yake ya kulinda anga.

Hapa Unguja mizinga ya Kiingereza ina historia yake. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza zililipiga kasri la Sultani, na kabla saa moja haijatimia kasri lilikuwa kifusi na meli ya Sultani, iliyoitwa Glasgow, ilikuwa imezamishwa bandarini. Si nia yetu kufukua makaburi. Twalitaja jambo hilo kwa sababu moja tu: siku ile mwenye zana mpya alimshinda mwenye zana kuukuu kwa muda mfupi kuliko wa kuivisha chungu cha shughuli. Uingereza iliyotoa somo hilo imekuja kujikuta yenyewe, baada ya miaka zaidi ya mia moja, ikiwa na jeshi la nchi kavu lililokalia vyombo vya zamani.

Maneno hayo si yetu sisi. Mwezi Machi 1921 ungesemekana ni uzushi. Mwezi Machi 2021 Kamati ya Ulinzi ya Bunge la Uingereza yenyewe ilitoa taarifa kali juu ya magari ya deraya ya jeshi lao. Kamati ilieleza kwamba kwa zaidi ya miaka 20, tangu 1997, ukiacha magari machache tu, Wizara ya Ulinzi haikulikabidhi jeshi gari jipya la deraya kutoka katika mpango wake mkuu wa manunuzi. Gari dogo la upelelezi liitwalo Scimitar lilikuwa la miaka ya 1970. Gari la kuwachukulia askari wa miguu, Warrior, lilikuwa la miaka ya 1980. Mzinga mkubwa wa kujiendesha, AS90 wa milimita 155, ulikuwa wa mwanzo wa miaka ya 1990, na kifaru cha Challenger 2 kiliingia jeshini 1998.

Ilikuwaje nchi yenye viwanda na mali ikafika hapo? Jibu lake halikufichika. Vita baridi vilipokwisha, wengi waliamini kwamba vita vikubwa vya nchi kwa nchi katika Ulaya vimekuwa hadithi. Makombora ya Bloodhound, yaliyolinda anga ya Uingereza tangu mwisho wa miaka ya 1950, yaliondolewa 1991. Kisha vikaja vita vya Irak na Afghanistan, ambako adui hakuwa na ndege wala vifaru, bali alitega mabomu barabarani. Fedha zikaenda kwa haraka katika magari ya kuhimili mabomu hayo, na ilikuwa haki ziende, kwa maana askari walikuwa wakifa. Lakini mambo mengine yote yaliambiwa yasubiri. Wahenga wamesema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nao Waingereza sasa wanajenga ukuta.

Tutoe mfano wa gari la Boxer, gari la deraya lenye magurudumu manane. Uingereza ilikuwa mshirika katika mpango wa kulitengeneza pamoja na Ujerumani, kisha ikajitoa mnamo 2003, ikidai kwamba inataka kitu kingine. Mwaka 2018 ilirudi kwa washirika wale wale, na Novemba 2019 ikatia saini mkataba wa kununua zaidi ya magari 500 ya aina ile ile. Mwaka 2022 ikaongeza mengine 100, yakawa 623. Miaka kumi na mitano ilipita kati ya kuondoka na kurudi.

Mfano wa pili ni wa Warrior. Mwaka 2011 ulitolewa mkataba wa kulipa gari hilo turubali jipya, kwa lugha ya kuazima. Yaani kulipa mnara mpya na mzinga mpya, ili liweze kutumika miaka mingi zaidi. Kazi ikachelewa mwaka baada ya mwaka, na Machi 2021 Serikali ikaifuta kabisa baada ya kutumia zaidi ya pauni milioni 400. Fedha hizo hazikuleta kikosini hata gari moja lililo tayari kwa vita.

Lakini habari inayopaswa kusomwa na kila mtumishi wa serikali, awe wa ulinzi au wa maji na umeme, ni ya gari liitwalo Ajax. Gari hili lilikusudiwa kushika mahali pa Scimitar. Mkataba wa pauni bilioni 5.5 kwa magari 589 ulitiwa saini 2014, na tarajio la kwanza lilikuwa magari yaanze kazi mwaka 2017. Kiini cha gari kilikuwa cha aina iliyokwisha kutumika Hispania na Austria. Lau wangelichukua lilivyo na kulirekebisha kidogo, huenda mambo yangekuwa mepesi. Badala yake yaliandikwa masharti yapatayo 1,200 ambayo gari lilipaswa kuyatimiza. Gari likawa jipya kwa hali halisi ingawa kwa jina lilikuwa la zamani, na uzito wake ukafikia tani 38 hivi, ilhali Scimitar haikuzidi tani 8 kwa mbali. Mtaka yote hukosa yote.

Katika majaribio askari walitoka ndani ya gari wakilalamikia masikio na viungo vyao, kwa sababu ya kelele na mtikisiko. Majaribio yakasimamishwa Novemba 2020, na tena Juni 2021. Askari zaidi ya 300 walitajwa kuwa walikumbwa na hali hiyo, nao wakatakiwa kupimwa. Hadi Desemba 2021 Wizara ilikuwa imekwisha kulipa pauni bilioni 3.2 hivi, na imepokea magari 26 tu, tena ya kufanyia mafunzo. Novemba 2025 Serikali ilitangaza kwamba kikosi cha kwanza kiko tayari. Mwezi huo huo askari wapatao 30 wakaugua katika mazoezi, na matumizi ya gari hilo yakasimamishwa tena kupisha uchunguzi.

Kasoro ya mtambo ni jambo la kawaida. Hakuna fundi asiyekosea. Lililotushtua zaidi ni lile lililoandikwa katika uchunguzi uliotangazwa Desemba 2021, ambao ulifanywa na ofisa wa Wizara hiyo hiyo. Ilionekana kwamba wataalamu wa usalama walikwisha kutoa hadhari mapema, lakini sauti zao hazikupanda ngazi kuwafikia wakubwa, au zilipofika hazikuaminiwa. Kwetu husemwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika habari hii ni wakuu ndio wasiosikia la wadogo, na waliovunjika ni wale wadogo. Askari aliyepoteza usikivu wake akiwa katika mazoezi, si vitani, hawezi kurudishiwa kwa hesabu yoyote ya pauni.

Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine, na mjadala ambao Waingereza waliuendesha kwa karatasi ukageuka kuwa wa moto. Dunia ikaona kwamba mizinga haijapitwa na wakati. Ndiyo iliyoshika medani, na ghala za makombora zikamalizika upesi kuliko viwanda vilivyoweza kuzijaza. Uingereza iliipa Ukraine mizinga yake ya AS90, na mwaka 2023 ikatoa pia vifaru 14 vya Challenger 2. Ili kuziba pengo lake yenyewe ilinunua kutoka Sweden, Machi 2023, mizinga 14 ya Archer, ambayo hubebwa na gari la magurudumu, hupiga na kuondoka kabla adui hajalipiza. Aprili 2024 ikatangaza kwamba mzinga wake wa kudumu utakuwa ule wa Kijerumani uitwao RCH 155, unaopandishwa juu ya gari lile lile la Boxer. Ni jambo jema kutoa kwa rafiki aliye taabuni. Lakini mwenye kutoa cha mwisho alicho nacho hukesha akitazama mlango.

Kuhusu vifaru, mkataba wa pauni milioni 800 ulitolewa Mei 2021 ili Challenger 2 zipatazo 148 zijengwe upya huko Telford na kuitwa Challenger 3. Badiliko kubwa ni la mtutu. Mtutu wa zamani una mifuo ndani yake, na kwa hiyo makombora yake hayalingani na ya majirani. Nje ya Uingereza, nchi pekee iliyowahi kukinunua kifaru hicho ni Oman. Mtutu mpya ni laini ndani kama ya Wajerumani na washirika wengine, na makombora ya mmoja yatamfaa mwenziwe. Hapa tunaona busara: kuacha fahari ya kuwa na kitu cha peke yako, ili siku ya dhiki uweze kuazima kwa jirani.

Haingekuwa haki kama tungetaja makosa tu. Katika ulinzi wa anga Uingereza imefanya jambo linalostahili kusifiwa, na ushahidi wake uko katika visiwa vingine, vya Falkland. Mei 1982 majeshi ya Uingereza yaliposhuka San Carlos kuvikomboa visiwa hivyo kutoka kwa Argentina, yalitegemea makombora ya Rapier. Mitambo ile ilikuwa imekaa melini kwa wiki nyingi, ikasumbuliwa na safari ya bahari, na uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba iliangusha ndege chache sana kuliko ilivyodaiwa kwanza. Tarehe 8 Juni ndege za Argentina ziliipiga meli Sir Galahad karibu na Fitzroy, wakafa watu 48. Wakazi wa visiwa vile wanajua maana ya anga iliyo wazi.

Mahali pa Rapier pameshikwa na mtambo uitwao Sky Sabre, ulioonyeshwa hadharani mwishoni mwa 2021 na kupelekwa Falkland mwaka uliofuata. Mtambo huu umegawanyika katika magari matatu: moja la rada, moja la kuamuru, na moja la kurushia. Kombora lake hurushwa juu kwanza kwa nguvu ya hewa, na moto wake huwaka likiwa tayari angani. Hufika umbali wa zaidi ya kilomita 25, ilhali Rapier haikufika theluthi ya umbali huo kwa mengi. Kwa nini kazi hii ilifaulu pale ambapo Ajax ilikwama? Kwa sababu haikuanza na ndoto. Kombora hilo lilizaliwa kutokana na kombora la ndege za kivita, likatangulia kutumika katika manowari tangu 2018, na rada ilinunuliwa Sweden ambako ilikwisha kuthibitika. Jeshi lilichukua vitu vinavyojulikana, likaviunganisha.

Hata hivyo mitambo hiyo ni michache, na mkeka mfupi haufuniki watu wengi. Ndege zisizo na rubani na makombora yanayotoka mbali yameonyesha kwamba hata London haina paa. Ndiyo maana mapitio ya ulinzi yaliyotolewa Juni 2025 yalitenga hadi pauni bilioni 1 kwa ulinzi wa anga ya nchi yao, na pauni bilioni 1.5 kwa viwanda vya risasi na baruti.

Huenda msomaji akauliza, haya yatuhusu nini sisi tusio na Ajax wala Sky Sabre? Yatuhusu sana. Sisi tunaomba amani, na tunaamini kwamba silaha bora ni ujirani mwema. Lakini serikali yoyote hununua vyombo: mashua ya doria, jenereta ya hospitali, gari la zimamoto, kivuko cha abiria. Kila chombo kati ya hivyo kina Ajax yake na Sky Sabre yake. Kuahirisha matengenezo huonekana ni kuweka akiba, kumbe ni kukopa kwa riba kubwa. Kubadili nia kila awamu hugharimu kuliko kununua. Kutaka chombo kimoja kifanye kazi zote ni kukinyima kazi yake moja. Na juu ya yote, nahodha, fundi wa mitambo na dereva waulizwe kabla ya saini kutiwa, nao wasikilizwe baada yake.

Twawasihi wakubwa wetu wayashike haya. Fundi akija ofisini kusema kwamba injini ina mlio asioupenda, asiambiwe arudi kesho. Aketishwe, na asikilizwe, kwa sababu yeye ndiye atakayekuwa ndani ya chombo hicho bahari itakapochafuka, pamoja na watoto wetu.