Njia ya Kuwa Wakili na Kanuni za Mitihani Yake



Kila mwaka sisi wa Kidato cha Nne huulizwa na wazazi na walimu, "Je, unataka kufanya kazi gani?" Wengi hujibu udaktari, ualimu, au uaskari. Mimi hujibu uwakili. Wenzangu bwenini hucheka, wakisema kwamba uwakili ni kazi ya watu wenye maneno mengi, na kwamba kila mwenye mdomo aweza kuifanya. Kwa hiyo nimeona ni vyema nieleze katika gazeti letu jinsi mtu anavyoufikia uwakili, mitihani anayopita na kanuni zake, ili atakaye kuifuata njia hiyo aifuate kwa kujua, na mzazi naye ajue safari inayomngoja mwanawe.

Kwanza, yafaa tutofautishe maneno mawili. Mtu aliyesoma sheria katika chuo kikuu na kupata shahada huitwa mwanasheria. Wakili ni mwanasheria aliyekwenda mbele zaidi, akafaulu mafunzo ya vitendo, akakubaliwa na Jaji Mkuu, na jina lake likaandikwa katika daftari la mawakili. Kila wakili ni mwanasheria, bali si kila mwanasheria ni wakili.

Zamani njia hii ilikuwa ngumu sana kwa watu wa nchi yetu, maana Tanganyika haikuwa na chuo cha sheria. Aliyetaka kuwa wakili hakuwa na budi kusafiri ng'ambo, na wengi walikwenda London. Huko wanafunzi wa uwakili walikuwa na kanuni ambayo leo twaweza kuishangaa: mbali na mitihani, mwanafunzi alitakiwa kuhudhuria chakula cha jioni katika ukumbi wa chama chake cha mawakili mara zilizowekwa, ili azoeane na wakubwa wa kazi hiyo na kujifunza adabu zao. Aliyefaulu mitihani lakini hakutimiza idadi ya vyakula hakupewa uwakili.

Mwezi wa Oktoba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru kutimia Desemba, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kama chuo kidogo katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba. Somo la kwanza kufundishwa lilikuwa sheria, na wanafunzi walikuwa 14 tu. Mmoja wao alikuwa binti, Julie Manning, ambaye mwaka 1975 alikuwa Waziri wa Sheria. Wasichana wenzetu na walikumbuke jina hilo.

Sasa nieleze njia ya leo. Mwanafunzi humaliza Kidato cha Nne, kisha Kidato cha Sita, kisha husoma shahada ya sheria kwa miaka mitatu au minne kwa kadiri ya chuo. Baada ya hapo huomba nafasi katika Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoko Dar es Salaam. Taasisi hii iliundwa kwa sheria ya mwaka 2007, nayo ikapokea wanafunzi wa kwanza mwaka 2008. Majirani zetu nao wana vyuo vya namna hiyo: Kenya wana chuo chao Nairobi tangu 1963, na Uganda wana chao Kampala tangu 1970.

Mafunzo ya Taasisi ni ya mwaka mmoja. Sehemu ya kwanza ni darasani, ambako mwanafunzi hufundishwa kuandika hati ya madai, kuhoji shahidi, kutunza fedha za mteja, na maadili ya kazi. Sehemu ya pili hupelekwa mahakamani na katika ofisi za sheria, akaone kwa macho yake mambo aliyoyasoma. Naye hupimwa kwa mitihani ya kuandika, kwa mitihani ya mdomo, na kwa kazi za vitendo. Aliyeshindwa katika masomo machache huruhusiwa kuyarudia. Aliyeshindwa katika mengi huondolewa.

Aliyefaulu hajawa wakili bado. Humwandikia Jaji Mkuu maombi yake, na mwenendo wake huchunguzwa. Akikubaliwa, huapishwa na jina lake huingizwa daftarini. Na hata akishakuwa wakili, hana budi kuhuisha leseni yake kila mwaka.

Ugumu wa mitihani hiyo ulijulikana nchi nzima mwezi wa Oktoba 2022. Katika watahiniwa 633, waliofaulu masomo yote kwa mara ya kwanza walikuwa 26 tu. Waliotakiwa kurudia baadhi ya masomo walikuwa 342, na 265 walishindwa kabisa. Watu walibishana sana. Wengine walisema vyuo vikuu vinatoa wanafunzi wasioiva. Wengine walisema Taasisi yenyewe inakaza mno. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Dkt. Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kulichunguza jambo hilo.

Mimi nadhani ni haki kuuliza kama mtihani unasahihishwa sawasawa, maana kanuni zamfunga anayetahini kama zinavyomfunga anayetahiniwa. Lakini sikubaliani na wanaotaka kanuni zilegezwe ili wengi wapite. Sababu yangu ni hii.

Hapa Kiwangwa mali yetu ni ardhi na mananasi. Miaka michache iliyopita bibi yangu, mzaa mama, aligombana na jirani kwa ajili ya mpaka wa shamba. Akatokea mtu mwenye mkoba na muhuri, akajiita wakili, akapokea fedha za mananasi ya msimu mzima ili amwandikie hati na kumsimamia. Siku ya shauri ilipofika, mtu huyo hakuonekana, na hati haikuwa imepelekwa. Bibi hajui kusoma. Aliutazama muhuri akauamini. Ekari mbili zilikwenda kwa jirani. Watu wa namna hiyo huitwa vishoka. Tangu hapo nimefahamu kwamba mtihani wa uwakili hasa umewekwa kwa ajili ya mtu kama bibi, asiyeweza kuupima mwenyewe ujuzi wa yule anayemkabidhi shamba lake.

Wazazi wetu na wajue kwamba Mahakama ya Tanzania ina mfumo uitwao e-Wakili, ambao mtu aweza kuufungua kwa simu akatafuta jina la wakili kabla ya kumlipa. Asiyejua kusoma na amwombe mjukuu wake amsaidie. Ni kazi ya dakika chache.

Sasa niseme nasi watahiniwa wa mwezi wa Novemba. Kanuni za chumba cha mtihani tutakazozifuata ndizo mlango wa kwanza wa njia hiyo ndefu, na kila moja ina maana yake.

Kwanza, mtahiniwa huandika namba yake, wala haandiki jina. Maana yake, msahihishaji asijue kama karatasi ni ya mtoto wa mkulima au ya mtoto wa mkubwa.

Pili, mtahiniwa hutakiwa kufika mapema, na anayechelewa zaidi ya nusu saa haruhusiwi kuingia. Maana yake, asije akawa amekwisha kuonana na mtu aliyeliona swali.

Tatu, simu na maandishi yoyote hayaingizwi chumbani. Maana yake, kinachopimwa ni kichwa cha mtahiniwa mwenyewe.

Nne, atakayebainika kudanganya hufutiwa matokeo ya masomo yote, wala si ya somo lile moja tu. Maana yake, uongo wa mahali pamoja huondoa imani ya mahali pote. Wakili naye akidanganya katika shauri moja aweza kufutwa jina lake daftarini.

Wengine husema, "Kuchungulia mara moja tu si neno." Lakini wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Atakayezoea kuchungulia karatasi ya mwenzake akiwa na miaka 17 atafanyaje siku atakapokabidhiwa hati ya shamba la mjane, na hakuna msimamizi chumbani?

Basi, wanafunzi wenzangu, shime tusome. Tuamke mapema kabla ya kengele, tuwaulize walimu wetu tusiyoyajua, na tuingie mtihanini na kalamu zetu na vichwa vyetu tu. Aliyeshindwa kwa haki aweza kurudia na kufaulu. Aliyefaulu kwa wizi hubeba cheti ambacho siku moja mtu maskini atakitegemea, nacho hakitamsaidia.