Namna Programu za Seva Zinavyokabiliana na Mabadiliko ya Anwani za Mtandao

Programu ya seva inayofanya kazi chinichini bila kuonekana na mtumiaji huanza kwa kuuomba mfumo endeshi uifungie soketi kwenye anwani na poti maalumu. Kitendo hicho aghalabu hufanyika mara moja tu, kompyuta inapowashwa. Anwani yenyewe, hata hivyo, haina udumifu wa namna hiyo. Seva ya DHCP huitoa kwa muda, na kiungo kilichokatika huweza kurudi na anwani nyingine. Soketi iliyofungwa kwenye anwani iliyokwisha kuondolewa haina tena faida: programu ingali hai, lakini hakuna ombi linaloifikia. Hitilafu ya aina hii ni ngumu kuibaini, kwa kuwa kitu hakijavunjika.

Njia nyepesi ni kufunga soketi kwenye anwani jumuishi, yaani 0.0.0.0 kwa IPv4, ambayo hupokea maombi ya anwani zote za mashine, za sasa na zijazo. Kwa huduma za TCP njia hii inatosha, kwani kila muunganisho hubeba anwani za pande zote mbili. Ugumu uko katika UDP. Mashine yenye anwani mbili ikipokea swali la DNS kupitia anwani moja, kiini cha mfumo endeshi huweza kulituma jibu kwa anwani ya pili. Aliyeuliza hulitupa jibu hilo, na ana haki: kwake halitofautiani na jibu la kughushi.

Ndiyo maana BIND, programu kongwe ya DNS, hufungua soketi kwa kila anwani peke yake. Uamuzi huo unailazimu kufuatilia anwani zinazoingia na kutoka. Chaguo lake la interface-interval huipa muda wa kukagua violesura vya mtandao, ambao kwa kawaida ni kila dakika 60. Pengo la saa nzima si dogo kwa huduma ya majina. Kwa sababu hiyo matoleo ya baadaye husikiliza pia taarifa za kiini chenyewe, pale mfumo endeshi unaporuhusu.

Hapo ndipo usalama unapogongana na wepesi wa kubadilika. Poti 53 iko chini ya 1024, na kwa desturi ya Unix kuifungua huhitaji haki za msimamizi mkuu. Kanuni ya usalama huitaka programu iziachie haki hizo mara soketi zinapofunguliwa. Programu iliyoziachia zote huiona anwani mpya lakini haiwezi kuitumia. Katika Linux, BIND hujinasua kwa kubakiza uwezo mahususi wa kufungua poti ndogo na kuachia karibu mengine yote.

Unbound, ikiwekewa chaguo la interface-automatic, hufuata njia nyingine. Hutumia anwani jumuishi, kisha hukitaka kiini kieleze kila pakiti ya UDP ilielekezwa kwenye anwani ipi, na jibu hutoka kwa anwani hiyohiyo. Njia hii ina nguvu zaidi, kwa kuwa haihitaji orodha ya kukagua wala haki za kubakiza. Gharama yake ni kwamba seva husikiliza hata kwenye anwani ambazo msimamizi hakuzikusudia, hivyo kazi ya kuwazuia wasiohusika huhamia kwenye ngome ya mtandao na kanuni za ufikiaji.