Zao la Chakula Nalo Lipate Msemaji

Kahawa ya Mbinga ina kituo chake cha utafiti, Ugano. Jambo hilo twalipongeza, kwani kahawa huliletea taifa fedha za kigeni. Hata hivyo, mkulima wa Namswea hashibi kahawa, wala mvuvi wa Mbamba Bay. Mvua ikikosekana, kinga ya njaa ni muhogo, kama ilivyo Visiwani, ambako mwaka 2007 watafiti wa Kizimbani walitoa aina nne zinazostahimili magonjwa.

Zao la biashara lina wanunuzi wa kulisemea. Zao la chakula halina msemaji ila Serikali. Basi vipaumbele vya utafiti vipimwe kwa mizani mbili, ya soko na ya chungu; na mkulima aitwe kikaoni kabla fedha hazijagawanywa, si baada ya njaa kubisha hodi.