Hewa ndani ya mtambo wa amonia yachelewesha upakiaji wa maziwa

Lori la tangi likikaa uwanjani Mbarara saa kadhaa bila kupakiwa, dereva hufikiria kwanza kukatika kwa umeme au uhaba wa maziwa. Ipo sababu nyingine isiyoonekana kwa macho: hewa iliyonaswa ndani ya mtambo wa kupozea.

Jambo hili linawagusa wasafirishaji wote wanaopakia eneo hilo, wawe wanatokea Ruti kwenye barabara ya Kabale na Katuna, au wanaelekea Kampala, umbali wa kilomita 270 hivi, na kuendelea hadi Malaba au Busia. Maziwa ya Ankole yanatakiwa yawe yamepozwa hadi nyuzijoto 4 hivi kabla ya kuondoka. Tangi la kawaida hutunza baridi tu, halitengenezi baridi. Maziwa yakipakiwa yakiwa nyuzi 8, yatafika yakiwa na joto zaidi, na yakikataliwa ndipo ugomvi wa nani alipe unapoanza.

Viwanda vikubwa vya maziwa, bia na samaki duniani hutumia sana gesi ya amonia kupozea. Kompresa huibana gesi hiyo, kondensa huipoza kwa maji au upepo hadi iwe kimiminika, kisha kimiminika hicho huenda kufyonza joto na kurudi kuwa gesi. Hewa haigeuki kimiminika kwa presha hiyo. Ikishaingia hubaki kwenye kondensa, ikichukua nafasi ya amonia na kupandisha presha.

Dereva anayepima matairi ataelewa hesabu yake. Amonia ikitoka kondensa kwa nyuzi 30, geji inapaswa kusoma PSI 155 hivi. Kwa Mbarara, iliyo juu sana kutoka usawa wa bahari, husogea PSI mbili zaidi. Geji ikisoma 175, kama yenyewe ni nzima, zile karibu 20 za ziada ni za hewa. Kompresa inafanya kazi kana kwamba kuna joto la karibu nyuzi 34. Kwa kawaida kila nyuzi moja ya ziada huongeza matumizi ya umeme kwa asilimia 2 hadi 3, hivyo bili hupanda kwa asilimia 10 hivi, huku baridi inayopatikana ikipungua. Maziwa yanachelewa kupoa, malori yanapanga foleni.

Hewa huingiaje? Kwenye usawa wa bahari amonia huchemka kwa nyuzi 33 chini ya sifuri. Mtambo wa kugandisha samaki ukifanya kazi chini ya hapo, presha ya ndani huwa ndogo kuliko ya nje, na kila sili iliyochakaa hunyonya hewa. Mtambo wa maziwa haufiki huko. Kwake hewa huingia hasa wakati wa matengenezo: bomba linafunguliwa, kichujio kinabadilishwa, kisha fundi mwenye haraka anarudishia bila kuvuta hewa yote kwa pampu. Kwa hiyo kiwanda kilichotoka kufanyiwa matengenezo ndicho cha kuangaliwa.

Kuitoa kuna njia mbili. Ya zamani ni kufungua vali ndogo juu ya kondensa na kupeleka bomba ndani ya maji. Maji humeza amonia, hewa hupanda kama mapovu. Mapovu yakipungua na sauti ya kupasuka-pasuka ikisikika, sasa inatoka amonia na vali hufungwa. Ni kazi ya fundi aliyefunzwa, mwenye kinga ya macho na pumzi, na haachi vali hata dakika moja. Njia ya pili ni kifaa kinachojiendesha: hupoza mchanganyiko huo hadi amonia iwe kimiminika irudi mtamboni, na hewa pekee hutolewa nje. Bei yake si ndogo, lakini hakisahau.

Msafirishaji hana ruhusa ya kugusa vali yoyote. Anachoweza ni kudai maziwa yapimwe joto mbele yake kabla ya kupakia, nambari iandikwe kwenye hati ya mzigo na pande zote mbili zisaini, na saa za kusubiri ziingie kwenye mkataba. Akisikia harufu kali ya amonia uwanjani, aache lori, aondoke kwa kukata upepo ubavuni, asikimbie kuelekea unakovuma.